Mama Kwenye Duara la Chokaa

Mama yangu aliwahi kuwashinda ngoma baba yangu na mjomba wangu siku moja, kwenye uwanja mmoja, bila kucheza wala kupiga chochote. Alikwenda mpaka kwenye duara la chokaa katikati ya uwanja wa mpira wa Ngara mjini, akatandika kanga, akaketi na kunyoosha miguu kama mwanamke anayechambua maharage nyumbani kwake. Muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa upande wake.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu, nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo nimelisikia likisimuliwa mara nyingi, na kila msimuliaji huongeza lake. Wapo wanaosema mama alilia. Wapo wanaosema aliimba wimbo wa zamani, wazee wakatokwa machozi. Hakulia na hakuimba. Kwa kuwa nilikuwa karibu yake kuliko wote hao, nitaeleza lilivyokuwa, nikianza na nyumbani, maana bila nyumbani jambo lenyewe halieleweki.

Baba ni Msukuma. Wazazi wake walitoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wakafuata majani mpaka Biharamulo, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama ni Mhangaza wa Keza, binti wa familia ya Wakatoliki iliyokuwa na mibuni iliyopandwa na baba wa babu. Walionana mnadani Kasulo. Baba alipeleka dume, mama alipeleka ndizi. Baba alipokwenda kuposa, babu alikubali kwa shingo upande, lakini kaka mkubwa wa mama, yaani mjomba wangu, alikataa waziwazi.

Hakuwa na ugomvi na ng'ombe wala na kabila. Hofu yake ilikuwa nyingine. "Huyu mtu anafuata majani," alimwambia mama mbele ya wazazi. "Majani yakiisha Biharamulo atakwenda wapi? Na wewe utakwenda wapi?" Mama akasema atakwenda atakakokwenda mumewe. Mjomba akatamka neno ambalo lilikaa katika familia yetu kama jiwe mlangoni: angekula nyumbani kwa shemeji yake siku atakapomwona amekaa, hahami tena.

Miaka ikapita, tukazaliwa, tukaenda shule. Baba alipanda migomba, akapanda mikaratusi, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Mjomba hakuja. Alitutumia kahawa, alitutumia mikungu ya ndizi kwa watu wa malori, na sisi tulimpelekea maziwa ya mgando na siagi. Tukienda Keza alitupokea kwa furaha, akatuchinjia. Ila yeye mguu wake haukukanyaga kwetu. Mama hakulalamika. Lakini akipika chakula kizuri, siku za sikukuu, ilikuwa kawaida yake kusema huku akipakua, bila kumtazama yeyote, "Kaka yangu hajui napikaje siku hizi."

Sasa tamasha. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani na vumbi likianza kupanda, Ngara mjini hufanyika tamasha la utamaduni. Vikundi vya ngoma hutoka kila kata, vingine hutoka Biharamulo, na kikundi cha baba kilikuwa kimojawapo. Walicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na baba alikuwa manju wao, yaani mtunzi na mwimbishaji. Mjomba naye alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Keza. Kwa hiyo tamasha lilikuwa siku pekee katika mwaka ambayo watu wetu wote wa pande mbili walikuwa mahali pamoja, na ndiyo maana mama alilipenda kuliko Krismasi.

Maandalizi yalianza wiki nzima kabla. Mama alipiga pasi ya mkaa mpaka nguo ambazo hazikuwa zinakwenda. Kikundi kilikodi fuso. Majembe yakafungwa pamoja kwa kamba, ngoma zikapakiwa, njuga zikawekwa kwenye viroba. Sisi watoto tulipewa kazi ya kubeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku moja kabla, lori lilitushusha njia panda, mama na sisi, nasi tukapanda pikipiki kwenda kulala Keza kwa bibi. Baba aliendelea na wenzake. Msukuma wa malezi yake halali penye mama mkwe, hali chakula mbele yake, wala hamtazami usoni. Alimsalimia bibi kwa mbali, kofia mkononi, macho chini, kila walipokutana, na bibi alimpenda kwa hilo.

Bibi alitupokea jioni akiwa mlangoni. "Mmecherewa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, na herufi zake zilibadilishana viti. Kisha akafungua mfuko wetu, akachomoa mchembe mmoja, akaugonga kwenye mti wa mlango, ko-ko-ko. "Hiki ni chakula au ni kuni?"

"Chakula, bibi."

"Mwambieni baba yenu mimi nina meno mawili, na nayapenda yote."

Halafu akala. Alikula michembe ile jioni nzima, akiilowanisha kwenye chai, huku akiendelea kuitukana.

Asubuhi ya tamasha nayakumbuka zaidi mambo madogo. Ukungu wa Ngara uliokaa juu ya mabati mpaka watu walipoupoteza kwa kelele zao. Harufu ya nyama ikianza kuchomwa watu wakiwa bado wamejifunga mashuka kwa baridi. Wamama wa vikapu na mikeka wakigombania kivuli ambacho bado hakikuwepo. Kulikuwa na nyumba ya msonge iliyojengwa kama mfano, ili wanafunzi waone wazee waliishije. Bibi aliingia, akaikagua, akatoka. Kijana aliyekuwa akiisimamia akamuuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi, umeionaje?"

"Marahaba. Mlango unatazama upepo. Mwenye nyumba ataishi nje na moshi utaishi ndani."

Tuliingia kwenye hema la wazee, bibi, mama na mimi. Mama alikuwa amewaaga pande zote mbili mapema. Nilimsikia akimwambia baba kando ya lori, "Leo mimi ni mgeni wa mama yangu. Msiniite." Na alimwambia mjomba hivyohivyo. Alijua anachokiepuka. Asichojua ni kwamba mambo yangeharibika kwa sababu ya saa.

Mgeni rasmi alichelewa. Ratiba ikasogea, jua likapanda, kwaya za shule zikaimba mara mbili. Mwishowe mshereheshaji, mtu wa mjini mwenye haraka, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Ili kuokoa muda, kikundi cha Keza na kikundi cha Biharamulo wataingia pamoja. Keza goli hili, Biharamulo goli lile. Karibuni!"

Kwake yeye lile lilikuwa suala la muda tu. Kwa watu wangu lilikuwa jambo zito, na kila upande ulilielewa kwa namna yake.

Kwa Wasukuma, vikundi viwili vikiingizwa uwanjani kwa wakati mmoja, hayo si maonyesho tena, ni mashindano, na mashindano ya kweli hayana mtu wa kutoa alama. Baba alikuwa ametueleza tangu tukiwa wadogo: "Jaji ni miguu ya watu. Makofi yanaweza kukudanganya. Miguu ikipenda inakuja, ikichoka inaondoka." Aliyejaza watu ameshinda, na aliyeshindwa humwendea mshindi kumsalimia kabla watu hawajatawanyika. Basi tangazo lilipotoka, niliona kikundi cha baba kikifunga njuga upya, kwa nguvu, kama watu walioitwa kwenye deni la heshima.

Kwa mjomba ilikuwa kinyume. Kwenye ukoo wa mama, ngoma haipigwi juu ya ngoma nyingine. Zamani ngoma ilimtangulia mkubwa njiani, na wakubwa wawili hawapishani wakipiga kelele. Mmoja akipiga, mwingine husubiri. Kwa hiyo bugobogobo ilipoanza kuvuma upande wa pili wakati yeye ameshainua magongo, mjomba aliona ametukanwa mbele ya wilaya nzima. Akawageukia vijana wake: "Pigeni! Wasisikie hata majina yao!"

Zikapigwa. Sijawahi kusikia ngoma za Keza zikipigwa vile. Kifua changu kilitetemeka hemani. Wasichana wa mjomba waliinua mikono juu kama pembe za ng'ombe, wakateleza taratibu, na watu wakamiminika kwao. Upande wa pili majembe yakarushwa, yakazunguka hewani yakimetameta, yakadakwa, na watu wakamiminika huko. Umati ulikuwa unavuka uwanja kwenda na kurudi.

Kisha baba akaanza kuimba. Manju huimba chochote kinachomjia, na siku hiyo alikijua wanachokitaka watu. "Shemeji anapiga ngoma kama anayefukuza nyani kwenye mahindi! Nyani wameshakimbia, shemeji, pumzika!"

Watu wakacheka, miguu ikaenda kwake. Mjomba akasogea mpaka mstari wa kati, jasho likimtiririka. "Nyie mlikuja kulima au kurusha majembe? Jembe likiwa hewani, shamba linalimwa na nani?"

Kicheko kikubwa zaidi. Nusu ya watu wakarudi. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mpaka hapo utani ulikuwa utani. Lakini mmoja wa wachezaji wa baba, aliyekuwa amepandwa na ngoma, akapaza sauti, "Sasa mbona dada yenu alitufuata?"

Mjomba hakucheka. "Alifuata mkia wa ng'ombe," akajibu. "Kesho mkihama mtamwacha njiani na michembe yenu."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshikilia ncha ya kanga yake. Na hapo wanawake wa kikundi cha baba, waliomzoea, waliomwita mayu kama wanavyomwita mama yeyote wa heshima, wakaanza: "Mayu! Mke wa manju! Unakaa hemani kama mkuu wa wilaya? Njoo kwako!" Na upande wa Keza nao wakasikia, nao wakamwita, kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni. Vichwa vikageuka. Hema letu, lililokuwa kivuli, likawa jukwaa.

Hesabu ya mama ilikuwa rahisi na mbaya, na hata mimi niliiona. Akienda kwa baba, mjomba atakuwa ameonyeshwa mbele ya watu kwamba dada yake ameshaondoka kwao, na lile jiwe la mlangoni halitaondoka tena. Akienda kwa mjomba, manju atakuwa amekimbiwa na mke wake mwenyewe, na wimbo wa aibu hiyo ungeimbwa Biharamulo mpaka wajukuu. Akibaki hemani, pande zote mbili zingesema aliogopa upande mwingine.

Mama akasimama.

"Kaa," bibi alimwambia.

"Nitakaa, mama. Lakini si hapa."

Akatoka juani. Alitembea bila haraka, na jinsi alivyokaribia katikati, ngoma zote mbili zilipanda, kila upande ukiamini anakuja kwao. Alipofika kwenye duara la chokaa akasimama, akaikung'uta kanga ya pili aliyojitanda, akaitandika, akaketi. Alinyoosha miguu. Hakutazama kulia wala kushoto. Alitazama mbele, kwenye meza ya mgeni rasmi ambaye bado hakuwa amefika.

Mimi nilimfuata, nikiwa na mfuko wa chakula begani kwa sababu hakuna aliyeniambia niuache. Nikaketi nyuma yake. Baada yangu akaja bibi na fimbo yake, pole pole, akilalamikia magoti, akajishusha kwenye kanga. Halafu wakaja wanawake wawili wa Keza waliosoma na mama, kuuliza anaumwa nini. Halafu wale wa baba, kuuliza hilohilo. Halafu ikawa kama inavyokuwa popote binadamu walipo: watu wanne wakiinama, wa tano anakuja kuona kuna nini. Nilisikia pande zote, "Kuna nini pale? Nani kaanguka?" Vumbi la miguu likaja kwetu kutoka magoli yote mawili.

Mshereheshaji akachanganyikiwa. "Wananchi, naomba... huyo mama pale katikati... mama, wewe ni kikundi gani?"

Mwanamke mmoja nyuma yangu, simjui mpaka leo, akamjibia mama kwa sauti ya sokoni: "Kikundi cha wenye kaka na waume!"

Uwanja ukalipuka. Ngoma za Keza zikakosana mapigo, kisha zikanyamaza. Baba alishusha jembe. Alitazama goli lake, ambako kulikuwa na mbuzi na watu wachache waliochoka, akatazama goli la shemeji yake, ambako hata mbuzi hakuwepo, akatazama katikati. Nilimjua baba. Alikuwa mtu wa sheria zake. Akawaambia wenzake, "Miguu imesema. Tumeshindwa." Akavua njuga, akaja kumsalimia mshindi.

Hapo akakwama. Bibi alikuwa amekaa bega kwa bega na mama, na mkwe hasogelewi. Baba alisimama mbali kidogo, akachuchumaa, macho chini, kofia hana, akishindwa kuja na akishindwa kurudi. Watu walikuwa wakikauka kwa kicheko. Bibi akamwita mwanawe: "Na wewe, unangoja nini? Njoo umsalimie dada yako."

Mjomba akaja, magongo bado mkononi. Mama alimsalimia, akamwambia kwa sauti ya kawaida, ya jikoni, "Kaka, mimi nataka uje ule kwangu. Sina kingine."

Mjomba akamnyooshea baba gongo la ngoma. "Huyu amekaa?"

"Amekaa."

"Mimi namwona amechuchumaa."

Hata baba alicheka, ingawa hakuinua uso. Mjomba naye akacheka, mara ya kwanza tangu ngoma zianze. "Nitakuja," akasema. "Baada ya mavuno."

"Mavuno yameshapita, kaka."

"Basi yajayo."

Tulikula pale pale, kwenye duara, ndizi za bibi na michembe yetu, na mjomba alikula michembe. Baba alipelekewa sahani yake nyuma ya lori ili mkwe asimwone akitafuna. Nilipokwenda kumpelekea, nilimkuta akiupigapiga mdundo wa Keza kwa vidole kwenye ubao wa lori. Aliponiona aliacha.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Ninapoikumbuka sasa, nikiwa na watoto wangu ambao huenda kwenye tamasha kutafuta mishikaki na mtandao wa simu, naona nilikuwa na kitu ambacho sikujua kinaweza kuisha: watu wangu wote kwenye kanga moja. Miaka iliyofuata waandaaji walipanga vikundi vyetu kwa nyakati tofauti, kimoja asubuhi, kimoja mchana, na kila mtu alicheza vizuri. Mama alikuwa akikaa hemani.

Mjomba hakuja mavuno yale. Aliumwa mguu. Mavuno yaliyofuata alikuwa na ujenzi. Kila mwaka mama alitenga jogoo, akamwita jogoo wa kaka, na kila mwaka tulimla Krismasi sisi wenyewe, naye akipakua kimya. Bibi alifariki. Mjomba alimzika, na baba alichimba kaburi pamoja na vijana wa Keza. Siku hiyo mjomba alimshika baba mkono muda mrefu. Lakini kuja, hakuja.

Baba amezeeka, haimbi tena. Kiangazi kilichopita majani yalikuwa mabaya, na kaka yangu mkubwa akaswaga ng'ombe karibu wote kuelekea kusini, Katavi, ambako wanasema bado kuna malisho. Baba alibaki na wachache wa maziwa. Habari ikafika Keza kama habari zinavyofika. Mwezi huu nilikuwa nyumbani likizo mjomba alipopiga simu. Mama aliiweka kwa sauti kubwa kwa sababu hasikii vizuri.

"Nasikia ng'ombe wameondoka," mjomba alisema.

"Wameondoka ng'ombe, kaka. Sisi tupo."

"Na mwenye ng'ombe?"

Mama alimpa baba simu. Baba akaipokea, akasalimia, "Shemeji," akainuka na kutoka nayo uani, akatembea mpaka kwenye mikaratusi tusikomsikia. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alimrudishia mama simu, akaketi.

"Anasema Jumamosi baada ya tamasha anakuja. Anataka aone mwenyewe."

"Aone nini?"

"Kama nipo."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia aje."

"Sikukuuliza hilo," mama alisema.

Baba alitazama nje, ambako zizi lilikuwa jeupe na kavu kwa kukosa mbolea mpya. Kaka yangu alikuwa amemtumia ujumbe wiki hiyo kwamba kule kusini majani ni mazuri na kiwanja kipo, wakitaka kuhamia. Mama anaujua ujumbe huo. Baba hakumjibu mama siku ile, na mpaka naondoka nyumbani alikuwa hajamjibu. Tamasha ni wiki ijayo.